Tamko kwa Umma Kuhusu Uchunguzi wa Moyo Kabla ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Chama chetu kinawaunganisha madaktari wa moyo, wapasuaji, madaktari na wauguzi wa usingizi pamoja na wataalamu wa lishe wa Tanzania Bara na Zanzibar. Tunatoa tamko hili kwa wagonjwa na familia zao, kwa hospitali za umma na za binafsi, kwa mifuko na kampuni za bima, na kwa wale wanaoitangaza huduma hii mitandaoni. Msimamo wetu ni huu: asipelekwe mtu mezani kupasuliwa tumbo kwa ajili ya uzito kabla moyo wake haujachunguzwa na mtu anayejua anachokitafuta. Na karatasi yenye mhuri na maneno "anafaa kwa upasuaji", isiyosema hatari ni ya kiasi gani, inatokana na nini na itapunguzwaje, hatutaihesabu kuwa ni uchunguzi.

Tumeona haja ya kusema sasa kwa sababu mambo yamebadilika haraka. Miaka ya nyuma aliyetaka upasuaji huu alipanda ndege kwenda India, na waliomudu walikuwa wachache. Leo huduma za kupunguza uzito zinapatikana hapa hapa: Hospitali ya Taifa Muhimbili inazitoa Mloganzila, ikiwemo kuweka puto tumboni, na hospitali binafsi nazo zimeingia. Wahitaji hawatapungua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Wenzetu wa Kenya, katika utafiti wa aina hiyo hiyo wa mwaka 2014, walikuta asilimia 33.

Kuna wanaodhani daktari wa moyo amewekwa njiani ili awazuie. Tunataka dhana hiyo iishe. Upasuaji wa kupunguza uzito ni miongoni mwa tiba chache ambazo matokeo yake kwa mtu mwenye unene uliokithiri hudumu miaka mingi, na moyo ni mnufaika mkubwa. Utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia maelfu ya watu, waliopasuliwa na wasiopasuliwa, kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa waliopasuliwa, hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ilikuwa takribani nusu ya ile ya wenzao. Presha hushuka, kisukari cha aina ya pili hutulia kwa wengi, na usingizi unarudi kuwa usingizi. Kwa hiyo mgonjwa mwenye moyo dhaifu asifukuzwe mlangoni, maana huenda ndiye mwenye haja kuliko wote waliokaa kwenye foleni. Kazi yetu ni kumfikisha mezani akiwa katika hali bora anayoweza kuifikia, na kumtoa salama.

Hatari yenyewe ni ndogo, lakini ipo. Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na uliohusisha wagonjwa 4,776 katika hospitali 10, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 0.3, na waliopata madhara makubwa walikuwa asilimia 4.3. Waliodhurika zaidi walikuwa na mambo matatu yaliyojirudia: kuwahi kupata bonge la damu kwenye mishipa, kukatika kwa pumzi usingizini, na kushindwa kutembea hata mita 61. Tunaomba kila mwenye kliniki ayatazame mambo hayo matatu vizuri. Yote huanza kujulikana kwa kumuuliza mtu maswali na kumtazama akitembea ukumbini. Tunaongeza tahadhari: takwimu hizo ni za timu zilizofanya kazi hii mara nyingi sana. Hospitali inayofanya upasuaji huu mara moja moja haina haki ya kuzichapisha kwenye kipeperushi chake kana kwamba ni zake.

Kinachotokea kwa moyo chumba cha upasuaji

Upasuaji mwingi wa aina hii hufanywa kwa matundu madogo. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni daioksidi ili daktari apate nafasi ya kuona, kwa shinikizo la kati ya milimita 12 na 15 za zebaki. Hewa hiyo husukuma kiwambo cha kupumulia juu kuelekea mapafu, hupunguza damu inayorudi moyoni na huufanya moyo usukume kwa nguvu zaidi dhidi ya mishipa iliyobana. Wakati huo huo mgonjwa ameinuliwa upande wa kichwa, damu inashukia miguuni, na dawa za usingizi zinaishusha presha. Moyo mzima hustahimili. Moyo wenye kuta nene uliozoea presha ya miaka kumi isiyotibiwa, au wenye mlango uliobana, unaweza kuyumba dakika ile ile hewa inapoingizwa.

Na moyo wa mtu aliyebeba uzito mkubwa kwa muda mrefu ni nadra kuwa wa kawaida kabisa. Umefanya kazi ya ziada mchana na usiku. Kuta zake hunenepa, chumba cha juu cha kushoto hupanuka, mapigo huweza kuanza kwenda bila mpangilio. Upo pia udhaifu unaowapotosha hata madaktari: moyo unasukuma vizuri, kipimo cha eko (picha ya moyo) kinatoa namba nzuri, kumbe umekakamaa na haujazi damu inavyotakiwa. Mwenye tatizo hili anahema akipanda ngazi, na kila mtu, yeye akiwa wa kwanza, anasema ni unene tu. Neno hilo "ni unene tu" limewacheleweshea matibabu watu wengi, na tunawaomba wenzetu waliache.

Maswali kabla ya mashine

Uchunguzi unaanza kwa mazungumzo yasiyo ya haraka. Tangu mwaka 1999 madaktari duniani wanatumia orodha fupi ya mambo sita ya kutathmini hatari ya moyo kabla ya upasuaji mkubwa: ugonjwa wa mishipa ya moyo, historia ya moyo kushindwa kufanya kazi, kiharusi, kisukari kinachotibiwa kwa insulini, figo zilizodhoofika, na aina yenyewe ya upasuaji. Orodha hiyo ni nzuri na tunaitumia. Lakini iliandikwa kwa ajili ya wagonjwa ambao hofu yao kubwa ni mishipa ya moyo kuziba, wengi wao wazee. Anayekuja kwetu kuomba upasuaji huu mara nyingi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wawili au watatu, na anaweza kupata sifuri kwenye orodha nzima ilhali ana ugonjwa wa moyo.

Tunasisitiza hapa kwa sababu hapa ndipo mwongozo ulioandikwa ng'ambo hautoshi. Katika nchi zetu bado upo ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya rumatiki: mtoto anaumwa koo, koo halitibiwi ipasavyo, na baada ya miaka milango ya moyo inaharibika taratibu. Mlango wa kushoto ukibana, mwenye nao anaweza kuishi na kulea watoto bila kujua. Anahema kidogo, anachoka, analaumu uzito. Siku ya upasuaji mapigo yanakwenda mbio, maji ya dripu yanaongezwa kwa sababu presha imeshuka, na mapafu yanajaa. Daktari mwenye stethoskopu na dakika mbili za utulivu angeweza kuusikia mlango huo wiki kadhaa kabla. Kweli, kwa mtu mwenye kifua kinene sauti huwa ya mbali. Ndiyo sababu zaidi ya kumlaza ubavu wa kushoto, kuzima feni na kusikiliza tena.

La pili ni moyo kupanuka katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua, hali inayojulikana sana Afrika. Wengi hupona wakasahau, na wengine hawakuambiwa kamwe kwamba kilichowapata kilikuwa moyo. Kwa hiyo kila mwanamke aliyewahi kuzaa aulizwe: baada ya kujifungua ulivimba miguu ukashindwa kulala chali? Ulilazimika kuegemea mito usiku ili upumue? Ulipewa dawa za kukojoa sana? Akijibu ndiyo, eko ni lazima, hata kama leo anatembea kutoka Kariakoo hadi Posta bila kusimama. Presha ya ujauzito na kifafa cha mimba navyo viandikwe, maana aliyepata presha akiwa mjamzito ana uwezekano mkubwa wa kuwa nayo baadaye.

Swali la tatu ni la uwezo wa mwili. Kipimo cha kawaida ni kama mtu anaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba daktari anayekadiria kwa macho tu huwakosa wengi wa wasio na uwezo: katika kila watano alimtambua mmoja hivi. Dodoso maalumu lilifanya vizuri kuliko makisio yake. Shida ni kwamba dodoso hilo linauliza habari za gofu na kusukuma mashine ya kukatia majani. Ukimuuliza hayo mama wa Mbagala anakutazama tu. Muulize kama anachota maji na kubeba ndoo ya lita ishirini, kama anadeki nyumba nzima kwa mara moja, kama anasali amesimama au kwenye kiti na tangu lini, kama bado anakwenda sokoni mwenyewe au siku hizi anamtuma mtoto. Uliza pia kinachomsimamisha. Wengi husimamishwa na magoti, na hapo ngazi hazijatuambia lolote kuhusu moyo.

Halafu kuna usingizi. Kukatika kwa pumzi usingizini hupandisha presha, huchosha upande wa kulia wa moyo, na baada ya upasuaji huungana na dawa kali za maumivu hadi mgonjwa akaacha kupumua wodini saa nane usiku muuguzi akiwa na wagonjwa wengine ishirini. Lipo dodoso la maswali manane, lililotoka Toronto mwaka 2008, linalouliza habari za kukoroma, uchovu wa mchana, pumzi kusimama, presha, uzito, umri, mzunguko wa shingo na jinsia. Anayelijibu vizuri ni yule anayelala karibu na mgonjwa. Tunawataka madaktari wamwite mwenzi, dada au binti aingie kliniki. Mwenye alama nyingi apimwe usingizi panapowezekana, na kama ana mashine ya kusukuma hewa aizoee nyumbani kabla ya upasuaji, kisha aje nayo hospitali. Mashine iliyobaki nyumbani siku ya upasuaji haimsaidii mtu.

Mwisho wa maswali ni yale ambayo mgonjwa hapendi kuulizwa: umetumia nini kupungua hadi sasa? Chai, vidonge visivyo na jina, unga wa kuchanganya na uji, sindano ulizoletewa na mtu kutoka safari. Hatuulizi ili tumwaibishe. Sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa watu wenye maradhi ya moyo, na mamlaka za dawa zimeendelea kuikuta imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba. Mwaka 1997 nayo fenfluramini iliondolewa kwa kuharibu milango ya moyo. Mgonjwa alete makopo na pakiti zote alizonazo, hata zilizoisha.

Vipimo, na vipi si vya lazima

Presha ipimwe kwa kitambaa kinachoenea mkono. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene husoma presha juu kuliko ilivyo, na tumeona watu wakianzishiwa dawa tatu kwa kosa la kitambaa. Hospitali isiyo na kitambaa kikubwa, mizani inayopita kilo 150 na kitanda kinachobeba uzito huo haijawa tayari kwa huduma hii, haidhuru ina mashine gani nyingine.

Kipimo cha umeme wa moyo kifanyike kwa kila mgonjwa wa upasuaji huu. Ni cha bei nafuu, kinapatikana hadi mikoani, na kinaonyesha mapigo yasiyo na mpangilio au kovu la mshtuko ambao mtu hakuujua. Kisomwe na mtu anayejua kwamba unene wenyewe hufifisha mistari yake, ili asimtangaze mgonjwa kuwa na ugonjwa asionao. Damu ipimwe figo, sukari, chumvichumvi na wingi wa damu.

Eko ifanyike pale penye sababu: sauti isiyo ya kawaida, kuhema kusikoelezeka, miguu kuvimba, historia ya uzazi tuliyoieleza, homa ya rumatiki utotoni, umeme wa moyo wenye kasoro, dalili kali za pumzi kukatika usingizini. Katika mazingira yetu orodha hiyo inawagusa wengi, nasi hatuoni ubaya kwa kituo kinachoamua kumfanyia kila mgonjwa, ikiwa hakitamchelewesha miezi wala kumfilisi. Picha kwa mtu mnene huwa hafifu, na anayepima aandike hivyo badala ya kuandika "kawaida" kwa kitu ambacho hakukiona.

Zaidi ya hapo tunaweka mpaka. Kipimo cha kukimbia kwenye mashine, CT ya mishipa ya moyo, na kuingiza mrija kutazama mishipa si vya kila mtu. Havimsaidii kijana asiye na dalili wala vihatarishi, na vinaweza kumdhuru. Kipimo kisicho na sababu huleta jibu la shaka, jibu la shaka huleta kipimo kingine, na mwisho mtu anawekewa chuma cha kutanua mshipa ambao haukuwa ukimsumbua. Utafiti wa mwaka 2004 uliofanyika kwa wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji mkubwa wa mishipa ulionyesha kwamba kuifungua mishipa ya moyo kwanza, kwa wale waliokuwa na hali tulivu, hakukupunguza vifo. Na aliyewekewa chuma chenye dawa hawezi kupasuliwa kesho yake: kwa upasuaji unaoweza kusubiri, anahitaji miezi sita au zaidi ya dawa mbili za kuzuia damu kuganda. Aliyepata mshtuko wa moyo naye asubiri siku 60 kwa uchache. Uzito haukui kwa siku mbili hata upasuaji wake uwe wa dharura.

Tunajua kwa nini vipimo vya ziada huagizwa. Wakati mwingine ni hofu ya kulaumiwa. Wakati mwingine ni mashine mpya inayotakiwa kurudisha gharama yake. Sababu ya pili hatuna lugha laini ya kuielezea, na mwanachama wetu atakayethibitika kuifuata hatatetewa na chama.

Dawa kabla na baada

Aliyekuwa akitumia dawa za kundi la metoprololi aendelee nazo. Asiyekuwa nazo asianzishiwe asubuhi ya upasuaji kwa nia ya kuulinda moyo: utafiti wa mwaka 2008 wa wagonjwa zaidi ya 8,000 ulionyesha kwamba kufanya hivyo kulipunguza mshtuko wa moyo lakini kukaongeza kiharusi na vifo. Dawa za kisukari na moyo kama dapagliflozini na empagliflozini zisimamishwe siku tatu kabla. Mgonjwa wa upasuaji huu hula vyakula vya majimaji kwa takribani wiki mbili ili ini lisinyae, na mchanganyiko wa njaa hiyo na dawa hizo unaweza kujaza damu asidi huku kipimo cha sukari kikionekana cha kawaida. Dawa za kukojoa na za presha zipunguzwe katika wiki hizo mbili pale presha inaposhuka, la sivyo mgonjwa ataanguka bafuni kabla hata hajafika hospitali. Anayechoma semaglutidi amwambie daktari wa usingizi, hata kama hakuandikiwa na daktari, kwa sababu tumbo lake huchelewa kumwaga chakula na kinaweza kupanda na kuingia mapafuni.

Baada ya upasuaji, mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika na kubaki hapo yachukuliwe kwanza kuwa ni tumbo linalovuja au bonge la damu mapafuni, mpaka ithibitike vinginevyo. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa wauguzi wa zamu za usiku na kwa madaktari vijana. Kuyatuliza mapigo hayo kwa dawa bila kutafuta chanzo ni kuzima king'ora moto ukiwaka. Nao wanaotumia dawa za kupunguza mapigo wanaweza kuvuja bila kufikia 120, hivyo maumivu ya bega, homa na wasiwasi usioelezeka vichukuliwe kwa uzito.

Wiki zinazofuata presha hushuka haraka kuliko wengi wanavyotarajia. Dozi ya Januari inakuwa sumu Machi. Anayetumia wafarini apimwe damu mara kwa mara kwa kuwa mahitaji yake hubadilika. Barua ya daktari wa moyo isiyotaja tarehe ya kumwona mgonjwa baada ya upasuaji ni nusu barua.

Tunachotaka kifanyike

Kwa hospitali: timu inayoamua iwe na daktari wa moyo au bingwa wa magonjwa ya ndani aliyezoea kazi hii, daktari wa usingizi, mpasuaji na mtaalamu wa lishe, wakae pamoja juu ya faili moja. Madaktari wa moyo ni wachache na wengi wako Dar es Salaam, hasa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Hatudai kila mgonjwa wa Mbeya au Kigoma apande basi kwenda Upanga kupigiwa mhuri. Asiye na dalili, mwenye majibu safi kwa maswali tuliyoyataja na umeme wa moyo wa kawaida, anaweza kutathminiwa na daktari wa magonjwa ya ndani wa mkoa wake. Rufaa ibaki kwa wanaoihitaji, nayo iende na swali lililoandikwa. "Tafadhali mchunguze" si swali. "Ana miaka 41, alipanuka moyo baada ya uzazi wa pili, sasa anapanda ghorofa moja tu, je, moyo wake utastahimili, na tufanye nini kabla?" ni swali, na litapata jibu la maana.

Kwa mifuko na kampuni za bima: unene uliokithiri ni ugonjwa. Tunaomba upasuaji wake usiwekwe kapu moja na upasuaji wa urembo, na hata pale ambapo upasuaji wenyewe haulipiwi, uchunguzi wa moyo ulipiwe. Anayegundulika ana mlango uliobana amegunduliwa, awe amepasuliwa au hajapasuliwa.

Kwa wanaotangaza: picha ya kabla na baada haionyeshi kilichofanyika katikati. Tangazo lolote la bei ya "kifurushi" litaje kama uchunguzi wa moyo umo au haumo. Kuahidi tarehe ya upasuaji kabla mtu hajachunguzwa ni kumwambia daktari jibu kabla hajauliza, na tunaiomba Wizara ya Afya isilifumbie macho. Puto nalo halisamehewi. Halina kisu, lakini huwekwa kwa dawa za usingizi na kutapika kwa siku za mwanzo hupunguza potasiamu, jambo ambalo moyo wenye kasoro haulivumilii.

Kwa wanaosafiri kwenda India, Uturuki au kwingineko: hatuwazuii, wapo wapasuaji hodari huko. Nendeni na muhtasari wa moyo ulioandikwa hapa, rudini na ripoti ya upasuaji pamoja na orodha ya dawa zilizobadilishwa, na msipande ndege ndefu mpaka daktari wa huko aeleze kwa maandishi mtajikingaje na damu kuganda. Kabla ya kuondoka mpate daktari wa hapa aliyekubali kuwapokea mkirudi. Tunawapokea wengi sana ambao hawakuwa naye.

Kwa mgonjwa na familia yake tuna ombi moja. Muulize daktari aliyekuchunguza moyo: umeona nini, hatari yangu ni kiasi gani ukilinganisha na mtu mwingine wa umri wangu, na kipi tunaweza kukirekebisha kwanza? Akishindwa kukujibu kwa lugha unayoielewa, hujachunguzwa. Na ukiambiwa usubiri miezi mitatu ili presha itulie au uizoee mashine ya kusukuma hewa, huo ni mwanzo wa matibabu yako.

Chama kitaandaa fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili yenye maswali yaliyotajwa katika tamko hili, na kuitoa bure kwa hospitali yoyote itakayoiomba, ya umma au ya binafsi. Wanachama wetu walioko Dar es Salaam watapangiwa zamu za kuwasikiliza kwa simu madaktari wa mikoani wenye mgonjwa wa kujadili.

Tamko hili linawafunga wanachama wetu kuanzia siku linapotolewa. Mwanachama atakayesaini barua ya moyo ya mgonjwa ambaye hajamwona ataitwa mbele ya kamati ya maadili ya chama, na palipotokea madhara suala lake litapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, au kwa walioko Zanzibar, mamlaka inayosimamia taaluma huko.

Limetolewa Dar es Salaam na Halmashauri ya Chama.